Sanamu ya shaba ya marehemu: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Fundi anaichonga shaba." Aliyezoea kuwaona wachongaji wa vinyago wa Mwenge, Dar es Salaam, wakitoa sura ndani ya gogo la mpingo hudhani na hii ni vivyo hivyo. Sivyo. Sanamu ya shaba huanza na udongo, unaojengwa kidogo kidogo juu ya kiunzi cha vyuma na waya. Udongo ukikamilika hupakwa mpira wa silikoni, juu yake plasta, ikapatikana kalibu. Ndani ya kalibu hupakwa nta yenye unene wa milimita 5 hivi. Nta hiyo huvikwa ganda la kauri, tabaka juu ya tabaka, kila moja likisubiriwa likauke. Ganda likichomwa, nta huyeyuka na kutoka, na shaba iliyochanganywa na madini ya bati au silikoni humiminwa mahali pake ikiwa na joto la nyuzi 1,100 hivi. Baadaye vipande huchomelewa, hupigwa tupa na msasa, na rangi hupatikana kwa moto na kemikali.

Hatua hizi si lazima zifanyike mahali pamoja. Yule askari wa shaba wa kwenye mzunguko wa Samora na Azikiwe, kazi ya James Alexander Stevenson, alimiminwa London na kuzinduliwa hapa Dar es Salaam mwaka 1927.

"Picha moja nzuri inatosha." Hili ndilo linaloumiza familia kuliko yote. Picha inayoletwa mara nyingi ni ile iliyowekwa mbele ya jeneza: uso umetazama mbele, umesafishwa studio, mikunjo imefutwa. Haionyeshi mgongo wa pua, wala sikio, wala kisogo. Picha ya simu iliyopigwa karibu ni mbaya zaidi, maana huikuza pua na kuyarudisha masikio nyuma. Tafuteni picha za ubavuni, akiwa amekaa, akicheka, akiwa harusini hajui kama anapigwa picha. Leteni miwani yake na kofia yake. Kama kuna ndugu aliyefanana naye taya au mabega, aende akatazamwe. Kubalianeni pia juu ya umri: watoto wanamkumbuka mama wa miaka 40, wajukuu wanamjua bibi wa miaka 75, na mchongaji hawezi kuwatengeneza wote wawili kwenye uso mmoja.

Kufanana ni kugumu hata kwa mtu aliyepigwa picha maisha yake yote. Sanamu ya Mwalimu Nyerere ilipozinduliwa Addis Ababa mwezi Februari 2024, Watanzania walibishana mitandaoni kama ni yeye au siye. Kwa hiyo nendeni mkaone udongo, tena si mwenye pesa peke yake. Aende mjane, aende dada yake, aende rafiki yake wa bao. Watu wetu huona haya kumkosoa fundi, hasa msibani. Naomba haya hiyo muiache mlangoni. Udongo hurekebishwa kwa kidole gumba. Shaba ni ya kukatwa na kuchomelewa upya. "Shavu lake lilikuwa limebonyea hapa" ni neno la thamani kubwa likisemwa siku hiyo, na ni majuto likisemwa siku ya uzinduzi.

"Itakuwa tayari kwa arobaini." Haiwezekani. Kazi hii ni ya miezi. Lengeni kumbukumbu ya mwaka, nayo pia mkianza mapema.

Wapo wanaodhani ndani imejaa shaba tupu. Ni uwazi; sanamu ya kichwa na mabega watu wawili huweza kuibeba.

"Shaba haitaki matunzo." Kwa mji ulio ufukweni, si kweli. Chumvi ya upepo wa bahari huila shaba na kuacha unga wa kijani hafifu. Ioshwe kwa maji baridi na sabuni laini, ikauke, ipakwe nta kila baada ya muda. Dawa ya kung'arishia vyombo isiiguse, kwani huondoa rangi yote aliyoiweka fundi.

Na si lazima iwe sura ya mtu. Familia nyingi za Kiislamu hazipendi sanamu ya binadamu, nazo hazikosi njia: bamba la shaba lenye jahazi kwa aliyekuwa nahodha, au cherehani kwa mama aliyewasomesha watoto kwa ushonaji. Kwangu mimi, cherehani hiyo husema mengi kuliko uso uliokosewa.

Mkataba useme nani anabaki na kalibu na nakala ngapi zinaruhusiwa, maana kalibu ikiwepo sanamu ya pili hutoka. Useme pia nani anagharimia msingi wa zege na bolti za chuma cha pua zilizofichwa chini. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanaijua bei ya shaba.