Asichonge runi asiyejua kuzisoma

Katika masimulizi ya Iceland ya karne ya 13 yaitwayo Saga ya Egill, mshairi na mpiganaji Egill Skallagrímsson anafikia usiku mmoja kwa mkulima wa eneo la Värmland na kumkuta Helga, binti wa nyumba hiyo, hajiwezi kitandani. Anauliza kama amepata tiba yoyote. Baba wa mgonjwa anamjibu kwamba kijana mmoja wa jirani alimchongea runi, yaani herufi za kale za watu wa kaskazini mwa Ulaya, lakini tangu siku hiyo hali imezidi kuwa mbaya. Egill anaagiza mgonjwa ainuliwe, anapekua malazi yake na kukuta kipande cha mfupa wa nyangumi kilichochongwa herufi. Anazisoma, anazikwangua kwa kisu, unga wake anautupa motoni, mfupa wenyewe anauchoma, kisha anachonga runi nyingine na kuziweka chini ya mto. Msichana anapata nafuu kama mtu aliyezinduka usingizini. Ndipo Egill anapotoa ubeti ambao kwa maneno ya kawaida unasema hivi: mtu asichonge runi kama hajui kuzisoma barabara, kwa kuwa wengi hupotea kwenye herufi isiyoeleweka.

Huwa nawarudisha kwenye kisa hiki wale wanaoniletea picha ya kidani walichokinunua mtandaoni, kikiwa na kikaratasi kinachosema kwamba alama hii ni ya kinga na ile ni ya mali. Mwandishi wa kisa hakusema kwamba kijana yule alichagua alama mbaya mahali pa alama nzuri. Alisema kwamba hakujua kuandika. Runi zilikuwa maandishi kwanza, na uchawi wake, pale ulipokuwapo, ulitokana na maandishi hayo.

Tuanze na chanuo. Katika kinamasi cha Vimose, kwenye kisiwa cha Fyn nchini Denmark, lilipatikana chanuo la takriban mwaka 160 lenye neno moja tu, *harja*, ambalo wataalamu wengine hulisoma kuwa jina la mtu na wengine kuwa jina la chanuo lenyewe. Kwa muda mrefu hayo ndiyo yaliyokuwa maandishi ya runi ya kale kuliko yote yenye tarehe ya kuaminika, hadi mwaka 2023 yalipotangazwa mawe ya Svingerud nchini Norwei, ambayo huenda yakawa ya kale zaidi. Anayetarajia kwamba herufi hizi zilishuka pamoja na radi atavunjika moyo kidogo, maana jambo la mwanzo tunalolisoma kwa uhakika ni neno moja kwenye kifaa cha kuchania nywele.

Zilitoka wapi? Waliozibuni walikuwa wameziona alfabeti za kusini, ya Kilatini au zile za Italia ya kaskazini zilizofanana nayo. Anayeijua B na R ya Kilatini huzitambua mara moja katika safu ya runi. Umbo lake la pembepembe linaelezwa na kisu na mti. Wanafunzi wangu huwapa kijiti cha mwarobaini kilichochongwa bapa, pamoja na kisu kidogo, na kuwataka wachonge mstari unaofuata nyuzi za mti. Kisu huteleza, mti hupasuka, na mstari hupotea ndani ya nyuzi. Nikiwaambia wakate kwa kuzikingama nyuzi, wima au kimshazari, alama hukaa safi na kusomeka hata kwa kidole. Ndiyo maana runi za awali karibu zote ni mistari ya wima na ya mshazari, na mviringo ni nadra mno.

Safu ya kwanza ilikuwa na herufi 24, nayo huitwa futhark kwa sauti za herufi zake sita za mwanzo. Jiwe la Kylver, lililopatikana mwaka 1903 katika kaburi huko Gotland nchini Uswidi na kukadiriwa kuwa la takriban mwaka 400, linaonyesha safu hiyo kwa ukamilifu, na mwishoni mwake kuna alama iliyofanana na mti wenye matawi mengi. Kufikia karne ya 8 lugha za Skandinavia zilikuwa zimebadilika na kuongeza irabu, lakini cha ajabu ni kwamba herufi zilipunguzwa hadi 16. Alama moja ilibeba k na g, nyingine t na d, nyingine b na p. Aliyewahi kusoma tenzi zetu za kale kwa hati ya Kiarabu, ambamo b na p huweza kushiriki herufi moja, anaijua taabu hiyo: ni lazima uwe unalijua neno ndipo uweze kulisoma. Ni kwa safu hii fupi kwamba Waviking walichonga mawe yao ya kumbukumbu, ambayo Uswidi peke yake ina zaidi ya 2,000. Kwa safu hiyo pia mtu mmoja aitwaye Halfdan alikwaruza jina lake kwenye marumaru ya Hagia Sophia, Istanbul. Na kwa kuwa mfalme wa Denmark aliyesimamisha jiwe kubwa la Jelling katika karne ya 10 alikuwa Harald Bluetooth, alama ya Bluetooth iliyomo katika simu yako ni runi mbili za safu hiyo, H na B, zilizounganishwa.

Sasa maana. Kila runi ilikuwa na jina, na jina lilikuwa neno la kawaida lililoanza kwa sauti ya herufi hiyo, isipokuwa chache ambazo sauti yake haikuweza kuanza neno. F ni *fehu*, yaani mifugo, na kwa hiyo mali. H ni mvua ya mawe. N ni dhiki. I ni barafu. S ni jua. M ni mtu. Majina ya safu ya kale yamekisiwa na wanaisimu kutokana na lugha za baadaye, kwa kuwa hakuna aliyetuachia orodha yake. Tulicho nacho ni mashairi matatu, la Kiingereza cha kale, la Norwei na la Iceland, yenye ubeti kwa kila herufi. La Norwei linaanza kwa kusema kwamba mali huleta ugomvi kati ya jamaa, wakati mbwamwitu analelewa msituni. Hapo hakuna ahadi ya utajiri kwa mvaa kidani, bali kuna onyo ambalo mtu yeyote aliyehudhuria kikao cha mirathi atalielewa. Mashairi haya hayakubaliani hata kwa majina: herufi ya k kwa Waingereza ni mwenge, kwa Wanorwei na Waiceland ni kidonda. Kwa hiyo anayekuambia kwamba runi fulani ina maana moja tangu enzi za kale anakuuzia uhakika ambao wenyewe hawakuwa nao.

Hata hivyo, sisemi kwamba uchawi haukuwapo. Neno *rún* lenyewe lilibeba maana ya siri, na katika tafsiri ya Biblia ya Kigothi ya karne ya 4 ndilo lililotumika kutaja fumbo la Mungu. Katika shairi la Hávamál, mungu Odin anasimulia jinsi alivyoning'inia usiku tisa kwenye mti unaopigwa na upepo, akiwa amechomwa mkuki, yeye mwenyewe ametolewa sadaka kwa nafsi yake, bila mkate wala kinywaji, mpaka akatazama chini, akaziokota runi huku akipiga kelele, kisha akaanguka. Baada ya hapo anaorodhesha nyimbo 18 za nguvu, za kuzima moto, kutuliza bahari na kutia butu silaha za adui. Katika shairi jingine, Sigrdrífumál, shujaa anafundishwa kuchonga runi za ushindi kwenye mpini wa upanga na kumtaja mungu Týr mara mbili.

Shairi hilohilo linasema kwamba runi zilikwanguliwa, zikachanganywa na pombe takatifu ya asali, kisha zikasambazwa mbali. Msomaji wa Lamu au Unguja hapa atakumbuka kombe: aya zinaandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zinaoshwa kwa maji, na mgonjwa anakunywa. Imani ni mbalimbali na chimbuko ni tofauti kabisa, lakini pande zote mbili neno lililoandikwa ni kitu chenye mwili, kinachoweza kukwanguliwa, kumiminwa na kuingia ndani ya mtu. Nadhani wasomaji wetu wa pwani wanaelewa jambo hili haraka kuliko wanafunzi wa Ulaya, ambao wamezoea kuona maandishi kama wino tu.

Vitu vyenyewe navyo vinashuhudia. Kipande cha mfupa cha Lindholm, kutoka Skåne kusini mwa Uswidi, upande mmoja kina sentensi ya mchongaji anayejitambulisha, na upande wa pili kina runi ya *a* mara nane mfululizo, zikifuatwa na herufi nyingine zilizorudiwarudiwa, halafu neno *alu*. Neno hilo linaonekana tena na tena kwenye vidani vya dhahabu vya karne ya 5 na ya 6. Wengine wanalihusisha na pombe, wengine na hali ya kupagawa. Huko Ribe, Denmark, kimepatikana kipande cha fuvu la mtu cha mwanzoni mwa karne ya 8 chenye tundu, na maandishi yanayomtaja Odin na kuonekana kupambana na maumivu. Jiwe la Björketorp, nchini Uswidi, lenye urefu wa zaidi ya mita 4, linamlaani kwa kifo cha hila yeyote atakayelivunja. Katika yote haya hakuna alama moja iliyoachwa peke yake ifanye kazi. Kuna maneno, majina ya miungu, laana na marudio, navyo vinahitaji mtu anayejua anachokiandika.

Kuhusu kupiga ramli, ushahidi ni mwembamba. Mwandishi Mrumi Tacitus, karibu mwaka 98, alieleza jinsi Wajerumani walivyokata tawi la mti wa matunda, wakaligawa vipande, wakavitia alama, wakavitawanya juu ya kitambaa cheupe, kisha kuhani au baba wa familia akaokota vitatu huku akitazama mbinguni. Hakusema alama hizo zilikuwa runi. Vijiwe 25 vinavyouzwa leo ndani ya kifuko, kimoja kikiwa kitupu bila alama, ni desturi iliyoenea baada ya mwaka 1982 kutoka Marekani. Runi tupu haikuwahi kuwapo katika safu yoyote ya kale, na sioni herufi isiyoandikwa ingemsaidia nini msomaji. Kabla ya hapo, Guido von List wa Austria alikuwa amebuni runi zake 18 mwanzoni mwa karne ya 20 na kuzifungamanisha na ndoto za damu na taifa. Kutoka katika mazingira hayo ya mawazo ndipo kikosi cha SS cha Wanazi kilipochukua runi ya jua na kuiweka mara mbili kwenye kola. Anayetaka kuchora runi mwilini na alijue hilo pia, kwa kuwa Ujerumani alama hiyo imepigwa marufuku hadi leo.

Hofu ya kweli ya uchawi wa runi ilikuja ukristo ulipokwisha kukita mizizi. Iceland ilichoma moto watu wapatao 20 katika karne ya 17, karibu wote wanaume, na katika kesi ya Jón Rögnvaldsson mwaka 1625, maandishi ya runi yalitumika kama ushahidi dhidi yake. Wakati huohuo, katika bonde la Älvdalen nchini Uswidi, watu wa kawaida waliendelea kuandika kwa runi mambo yao ya nyumbani, nao waliendelea hivyo kwa vizazi kadhaa baada yake.

Nikitaka kukumbuka runi zilikuwa nini kwa wenyewe, narudi Bergen. Mwaka 1955 majengo ya bandari ya Bryggen yaliungua, na uchimbuaji uliofuata ukatoa vijiti na vitu zaidi ya 600 vyenye runi: lebo za wafanyabiashara, barua, sala za Kilatini, maneno ya mapenzi na hata kago. Kijiti kimoja kina ujumbe mfupi uliochongwa kwa haraka, unaosema kwamba Gyda anakutaka uende nyumbani. Upande wa pili kuna runi nyingine ambazo hazileti neno lolote la wazi, kana kwamba mwenye kupokea alikamata kisu akajaribu kujibu, na mkono ukamgomea.