Kalsiamu ya damu iko sawa, mbona mfupa umevunjika?

"Daktari mwanangu, nimeteleza tu bafuni," aliniambia bibi mmoja, mkono mmoja umefungwa hogo, mwingine umeshika karatasi ya maabara. Kalsiamu: milimoli 2.3 kwa lita. Kiwango cha kawaida ni kama 2.2 hadi 2.6. "Sasa kama kalsiamu ninayo, mfupa umevunjikaje?"

Kipimo kile, bibi, kinasoma damu. Mfupa hakiusomi. Na mwili ukibanwa, hukopa kwenye mfupa ili damu isipungukiwe.

Takriban asilimia 99 ya kalsiamu yetu imo kwenye mifupa na meno, karibu kilo moja kwa mtu mzima. Kiasi kidogo kilichomo kwenye damu ndicho kinachosaidia moyo kupiga kwa mpangilio na misuli kukaza na kulegea. Kikishuka sana, mtu huhisi ganzi mdomoni na kwenye ncha za vidole, kama anachomwachomwa na sindano, kisha misuli hukakamaa yenyewe. Nimewaona hivyo wagonjwa siku moja au mbili baada ya kuondolewa goita, pale tezi ndogo za nyuma yake zilipojeruhiwa.

Tezi hizo huitwa parathairoidi. Kwa kawaida ni nne, kila moja kama punje ya mchele, zimejibanza nyuma ya tezi ya thairoidi, ile ya shingoni inayovimba ikawa goita. Huionja kalsiamu ya damu muda wote. Ikipungua hata kidogo, humwaga homoni yao ndani ya dakika chache. Homoni hiyo huzizuia figo kupoteza kalsiamu kwenye mkojo, na huchochea mfupa umeng'enywe ili kalsiamu iliyofungwa humo itoke. Vilevile huzifanya figo ziikamilishe vitamini D, ambayo nayo huuwezesha utumbo kunyonya kalsiamu ya chakula. Hapo pa mwisho ndipo mambo mengi huharibika. Vitamini D ikiwa haba, sehemu kubwa ya kalsiamu ya dagaa na maziwa hupita tu, na tezi hubaki zikiukamua mfupa.

Kuna pia kalsitonini, inayotengenezwa ndani ya thairoidi na kushusha kalsiamu. Kwa binadamu nguvu yake ni ndogo: mtu akiondolewa thairoidi yote, kalsiamu yake haipandi kwa kuikosa.

Madaktari wenyewe waliwahi kuuelewa uhusiano huu kinyume. Mwaka 1925 huko Vienna, daktari wa upasuaji Felix Mandl alikuwa akimtibu Albert Jahne, kondakta wa tramu ambaye mifupa yake ilikuwa imelika na kumfanya ashindwe kutembea. Wengi waliamini kwamba parathairoidi huvimba kwa kujaribu kuuokoa mfupa mgonjwa, kwa hiyo Mandl akampandikizia nyingine. Hakupata nafuu. Ndipo akamfungua shingo, akakuta uvimbe kwenye parathairoidi moja, akautoa. Maumivu yakapungua, Jahne akaweza kutembea tena, ingawa miaka kadhaa baadaye ugonjwa ulirudi. Tezi iliyodhaniwa mwokozi ndiyo iliyokuwa ikiula mfupa. Mgonjwa wa aina hiyo huwa na kalsiamu nyingi kwenye damu huku mifupa yake ikidhoofika, na ukimhimiza anywe maziwa zaidi hujamtibu chochote.

Yule bibi aliyeteleza, kalsiamu yake haikuwa juu. Ila hedhi ilikoma zamani, na pamoja nayo ikapungua estrojeni, homoni inayozuia mfupa usimeng'enywe kupita kiasi. Nikamwandikia vipimo vya vitamini D, homoni ya parathairoidi, utendaji wa figo na uzito wa mifupa.

Figo zilikuwa nzima. Vitamini D ilikuwa chini sana, homoni ya parathairoidi juu. Ile 2.3 aliyonionyesha ilikuwa ikilindwa kwa gharama ya mifupa yake, pengine kwa miaka. Nimemwanzishia vitamini D na kalsiamu, na baada ya miezi mitatu tutaipima homoni ile tena.