Ile ya Lushoto si theluji

Mvua ya mawe ikipiga milima ya Usambara, simu za watu wa Tanga mjini hujaa picha: "Theluji imeanguka Lushoto!" Hapana, jamani. Mawe yale ni matone yaliyorushwa juu na upepo ndani ya wingu la radi, yakaganda, yakanenepa tabaka juu ya tabaka. Huanguka hata siku ya joto. Theluji hukua kwa mvuke unaogeuka moja kwa moja kuwa fuwele, nyepesi kama sufi (ile ya kwenye mito ya bibi), na ili ifike chini yataka baridi ya karibu nyuzi 0. Kilimanjaro, mita 5,895, baridi hiyo ipo. Lushoto ni takriban mita 1,400 tu.