Si betri, kaka: tunayodanganyana kuhusu selfu ya pikipiki

Wiki hii wamekuja watatu. Kila mmoja ana betri mpya chini ya siti, risiti bado iko mfukoni, na wote wameanza kwa maneno yaleyale: "Fundi, betri nimeshabadilisha, lakini selfu, ile ya kuwasha kwa kitufe, bado inazingua." Sasa kama umebadilisha na bado inazingua, kaka, mgonjwa alikuwa betri kweli?

Nazungumzia pikipiki zetu za silinda moja, zenye siti ndefu na kiki pembeni: Boxer, TVS, na ukoo mzima wa Kichina uliobeba injini iliyoigwa kutoka Honda CG125 ya mwaka 1976. CG ya mwanzo ilikuwa ya kiki tu. Selfu iliongezwa baadaye, na tangu hapo ikigoma inasingiziwa betri.

Mmoja wa hao watatu ana pikipiki ya boda ya cc 150, na tangu mwaka uanze amenunua betri tatu. Nikaweka mita kwenye betri: volti 12.7. Hiyo imejaa. Nikamwambia abonyeze. Stata, yaani mota ndogo inayogeuza injini, ikanguruma kivivu, ikageuza injini mara moja, ikakwama. Mita ikashuka hadi 11.4 tu. Hapo ndipo asiye na mita anakimbilia dukani, na mwenye mita anatulia. Betri imebaki na 11.4, stata haina nguvu. Basi kuna mahali volti zinaliwa njiani.

Nikaweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Bonyeza tena. Ikasoma 2.6. Pale hapatakiwi kuzidi 0.2 au 0.3. Nikafungua boliti ya ethi, waya wa hasi unaofungwa kwenye injini, na chini ya kichwa cha waya nikakuta rangi nyeusi inayong'aa, kama imepakwa jana. Kumbe aliipeleka pikipiki kupakwa rangi ili ipendeze, wakaipaka yote, pamoja na mahali umeme unapopita. Umeme ulikuwa unajipenyeza kwenye meno ya boliti peke yake.

Nikapiga msasa dakika mbili, nikakaza, nikapaka grisi kidogo kwa juu. Stata ikapiga kama mpya. Ethi ikasoma 0.1 na betri ikashuka hadi 10.5. Akashtuka: "Mbona sasa imeshuka zaidi?" Ndiyo, maana stata sasa inakula shibe yake. Betri ikishuka chini ya 9.6 wakati wa kupiga selfu, ilhali ilikuwa imechajiwa ikajaa, hapo nitakubali tuiongelee.

Usiniambie "lakini taa zinawaka vizuri, fundi." Balbu ya wati 35 inahitaji ampea 3 hivi. Stata inavuta makumi. Mguso wenye ukinzani wa 0.05 om tu unainyang'anya balbu volti 0.15, hutaona tofauti. Kwenye ampea 40, mguso huohuo unameza volti 2 nzima.

Hata betri ikiwa kweli imekufa, uliza imeuawa na nani. Washa injini, vuta mafuta mpaka mizunguko 5,000 hivi, pima kwenye betri. Ukipata kati ya 13.5 na 14.8, chaji ipo. Ikibaki 12.3, tafuta koili ya chaji au rektifaya (kifaa kinachogeuza umeme wa koili uweze kuchaji betri), la sivyo betri mpya nayo utaizika baada ya wiki chache. Ikipita 15, betri inachemshwa. Na duka likikumiminia asidi na kukukabidhi betri papo hapo bila chaji ya kwanza, umeuziwa betri nusu. Mimi nikiwa na uwezo ningewalazimisha bodaboda wote wanunue mita kabla ya stika za tanki.

Wapo pia wa "shikilia mpaka iwake". Sekunde tano, achia. Subiri kumi na tano, jaribu tena. Mara tatu injini ikigeuka bila kuwaka, tatizo si selfu. Angalia plagi na mafuta. Ukikandamiza dakika nzima unachoma kaboni za stata na kuimaliza betri, kisha unakuja kwangu na matatizo mawili badala ya moja.

Stata ikilia juu juu, "wiiii", na injini haigeuki, watu husema mota imekufa. Mota iliyokufa hailii! Iliyochoka ni klachi ya selfu. Kwenye injini za ukoo wa CG iko nyuma ya sumaku: rola tatu na springi zake, kazi yake kushika upande mmoja na kuachia upande mwingine. Rola zikilika au boliti zikilegea, mota inazunguka peke yake. Ninawajua watu walionunua stata mpya kwa ajili ya springi tatu.

Bisibisi kwenye rilei, ile swichi inayopeleka umeme mkubwa kwenye stata, je? Kuunganisha nguzo zake mbili kubwa ni kipimo, si matengenezo. Stata ikigeuka, mbovu ni rilei yenyewe au njia ya kuiamsha: fyuzi, kitufe, swichi ya klachi. Usiendeshe mwezi mzima na bisibisi mfukoni. Na hakikisha ipo nyutro, maana njia hiyo inaruka swichi zote za usalama. Ikiwa kwenye gia itaondoka na wewe bado umechuchumaa pembeni.

Kuongeza asidi kwenye betri iliyopungua: hapana. Kinachokauka ni maji, asidi inabaki. Weka maji ya betri yaliyokenekwa. Ukiongeza asidi, sahani za ndani ya betri zinaliwa. Ile iliyofungwa moja kwa moja usiifungue kabisa.

Kuna wanaong'oa betri, wakatumia kiki peke yake kwa sababu "selfu inakula betri". Baadhi zinawaka bila betri kwa kuwa CDI, kifaa kinachotoa cheche ya plagi, inalishwa na koili yake, nyingine haziwaki kabisa. Hata kwa zinazowaka, betri ndiyo inayotuliza umeme wa chaji. Ukiitoa, balbu zinaanza kuungua moja baada ya nyingine na unazilaumu balbu za Kariakoo.

Kuazima umeme wa gari hakuunguzi stata ya pikipiki, mradi gari ni la volti 12. Stata huvuta ampea inazozihitaji tu. Zima injini ya gari, chanya kwa chanya, hasi ya gari kwenye chuma cha injini ya pikipiki. Chuma kisicho na rangi.