Maungio yaliyolegea: hitilafu ambayo fyuzi haiioni

Maungio yaliyolegea ni mahali ambapo waya umeingizwa kwenye teminali (tundu la chuma lenye skrubu ya kubania waya) ya kisanduku cha fyuzi, au meinswichi kama kinavyoitwa majumbani, lakini skrubu haikuubana sawasawa, hivyo shaba na chuma vinagusana kwa eneo dogo sana. Umeme unaendelea kupita, taa zinawaka na friji inagandisha, na kwa sababu hiyo hitilafu hii hukaa miezi mingi bila kushukiwa.

Ni muhimu kuitofautisha na shoti. Katika shoti, waya wa moto, unaoleta umeme, hugusana na waya wa nyutro, unaourudisha, mkondo hupanda ghafla, na fyuzi huungua au sakiti breka hujizima. Maungio yaliyolegea hayaongezi mkondo hata kidogo. Yanaongeza ukinzani, yaani kizuizi kwa mkondo unaopita, mahali pamoja. Fyuzi inatambua mkondo uliozidi tu, kwa hiyo skrubu inaweza kuwaka moto mbele yake nayo ikatulia.

Tuchukue birika la umeme la wati 2,300 kwenye volti 230, ambalo huvuta ampea 10. Ikiwa mahali palipolegea pana ukinzani wa nusu omu, joto linalozalishwa hapo ni ampea 10 mara ampea 10 mara 0.5, yaani wati 50, kiasi kinachotosha fundi redio kuyeyushia risasi. Volti zinazopotea ni tano tu, na maji yanachemka kama kawaida. Mkondo ukifika ampea 20, kama hita ya maji ya bafuni inavyoweza kuvuta, joto halizidi mara mbili bali mara nne, wati 200, ilhali ganda la plastiki la waya wa kawaida wa nyumbani limekusudiwa kuhimili nyuzi joto 70 za Selsiasi.

Tatizo hujikuza lenyewe. Shaba hutanuka inapopata joto na kunywea inapopoa, na kila mzunguko huilegeza zaidi. Uso wake hushika utando mweusi usiopitisha umeme vizuri, na ukinzani hupanda tena. Mara nyingi chanzo ni kazi ya siku ya kwanza: skrubu iliyokazwa nusunusu, ganda la waya lililobanwa pamoja na shaba, au nyaya mbili za unene tofauti zilizosongamanishwa kwenye tundu moja. Pwani, hewa ya chumvi huharakisha kutu.

Nyutro iliyolegea inastahili tahadhari ya pekee. Katika nyumba ya fezi moja, yaani inayoletewa waya mmoja wa moto, nyutro kuu ikiachia, vifaa vyote huzimika lakini nyaya bado zina umeme, na mtu anayedhani umeme umekatika anaweza kuzishika. Katika nyumba ya fezi tatu, yenye nyaya tatu za moto, hali ni mbaya zaidi, kwani volti kati ya fezi na fezi ni 400, na nyutro ikikatika mgawanyo wake hutegemea vifaa vilivyowashwa: fezi yenye mzigo mkubwa hupungukiwa, na ile yenye televisheni na chaja peke yake hupata volti nyingi kiasi cha kuviunguza. Nadhani wengi waliolaumu umeme wa barabarani kwa televisheni zilizoungua wangefaa kwanza kukagua skrubu ya nyutro.

Dalili zipo kwa anayeangalia: taa kufifia pasi inapowashwa, mlio wa kukwaruza ndani ya kisanduku, kifuniko chenye joto, plastiki iliyogeuka kahawia, na harufu ya kuungua ambayo wakati mwingine hufanana na ya samaki. Breka inayojizima wakati mzigo ni mdogo nayo ni dalili, kwa kuwa joto la teminali huingia ndani yake. Kuweka breka kubwa zaidi hapo ni kuondoa onyo la mwisho lililobaki.

Waya uliokwisha kuungua haufai kukazwa tu. Ncha yake hukatwa hadi kwenye shaba inayong'aa, na teminali iliyobabuka hubadilishwa. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni, kwa sababu swichi kuu ikizimwa, nyaya zinazoingia kutoka kwenye mita bado zina umeme, na skrubu za upande huo ndizo zinazobeba mkondo wa nyumba nzima.