Mgomba wa mapambo "unaovumilia baridi" maana yake nini hasa?

Huku Arusha ukisema unatafuta mgomba wa mapambo watu wanakushangaa, mgomba usiozaa ndizi wa nini sasa? Lakini upo jamani, na unapendeza. Ni ule unaopandwa kwa sababu ya majani, rangi au ua lake, ndizi zake zimejaa mbegu ngumu hazina cha kula.

Sasa muuzaji wa miche atakwambia "huu unavumilia baridi", na hapo ndo wengi tunaelewa vibaya. Lile shina unaloliona sio shina kweli, ni maganda ya majani yamekumbatiana tu, uhai wenyewe uko chini kwenye tunguu, yaani lile shina nene lililofukiwa ardhini. Kwa hiyo kuvumilia baridi mara nyingi maana yake ni tunguu halifi, majani yanaweza yakafa yote. Mfano Musa basjoo, wanauita mgomba wa Japani ila asili yake ni kusini mwa China, kule Uingereza watu wanauacha nje kipindi cha barafu, majani yanaungua kabisa, wao wanafunika shina na nyasi kavu wanasubiri, baridi ikiisha unachipua tena.

Sisi Arusha mjini tuko mita kama 1,400, hatuna barafu ya kuua tunguu. Kinachotusumbua ni Juni na Julai, usiku ukishuka chini ya nyuzi 14 hivi mgomba unagoma kukua, jani jipya linakaa limejisokota wiki na wiki halafu upepo unakuja kuchana yale ya zamani. Moshi mjini wako chini zaidi, hii shida hawaijui sana.

Mimi ningekwambia chukua ensete, tena ule mwekundu unaoitwa Maurelii. Ensete ni mgomba mwitu wa milima ya huku huku Afrika Mashariki, ubaridi kaushazoea (Ethiopia ni chakula kabisa, wanachachusha tunguu na shina wanapata kocho, aina ya mkate). Wangu nimeupanda karibu na ukuta upepo usiufikie, asubuhi jua likipiga nyuma ya jani jipya linawaka rangi ya damu ya mzee, unaweza ukasahau kwenda kazini. Ila ujue ensete kwa kawaida hautoi machipukizi kama migomba ya kihambani (shamba la nyumbani), na ukishatoa ua ukamaliza kuzaa unakufa mzima mzima.

Kama una eneo dogo kuna Musa velutina, mfupi, vindizi vyake vya pinki vina manyoya laini na vikiiva vinajimenya vyenyewe. Na ule uliojipanga kama feni kwenye mageti ya mahoteli, huo sio mgomba, ni ravenala wa Madagascar, usiulipie kwa jina la mgomba.

Kabla hujatoa hela fukua udongo kidogo ubonyeze tunguu kwa kidole, likiwa gumu beba, likibonyea acha hapo hapo hata kama majani yanang'aa.