Wakozaki Watatu wa Kyiv: Yanayosemwa na Ukweli Wake

"Ni katuni ya Kirusi." Hili husemwa sana kuhusu katuni za Wakozaki watatu, wapiganaji huru wa zamani wa Ukraine, na ndilo lililo mbali zaidi na ukweli. Filamu hizi zilitengenezwa Kyiv na mwongozaji Volodymyr Dakhno, karibu zote katika studio ya Kyivnaukfilm, ambayo kazi yake kubwa, usishangae, ilikuwa filamu za sayansi. Ni kweli kwamba ya kwanza ilitoka mwaka 1967, Ukraine ikiwa bado ndani ya Muungano wa Kisovieti. Lakini Wakozaki wenyewe ni wa Zaporizhzhia, kusini mwa Ukraine ya leo. Ngome yao, Sich, ilikuwa ng'ambo ya maporomoko ya mto Dnipro, mpaka Malkia Catherine wa Pili wa Urusi alipoamuru ivunjwe mwaka 1775. Kuwafanya hawa mashujaa wa Urusi ni sawa na kumkabidhi mvunja nyumba hati ya kiwanja.

"Basi ni somo la historia." Kidogo tu. Suruali pana kama gunia ni za kweli, na kile kishungi cha nywele juu ya kipara pia. Hata kulish wanayoipika katika filamu ya kwanza ni chakula halisi: uji mzito wa nafaka ndogondogo, ulioungwa kwa mafuta ya nguruwe. Ila mwaka 1970 Dakhno aliwaingiza uwanjani kucheza mpira wa miguu Ulaya nzima, wakakutana na Wajerumani waliovaa deraya za chuma! Kanuni za mchezo huo ziliandikwa London mwaka 1863, miaka 88 baada ya Sich kuvunjwa. Utani wenyewe ndio huo. Na kufikia 1987 wanakutana na viumbe wa sayari nyingine, kwa hiyo anayedai ushahidi hapo amejitakia.

"Bila kujua lugha huambulii kitu." La. Watatu hawa karibu hawasemi. Vitendo na muziki ndivyo vinavyosimulia. Oko ni mrefu, mtulivu. Hrai ni mfupi, hatulii mahali pamoja. Tur ni pandikizi la mtu mwenye nguvu za kutisha na moyo laini. Mtoto wa miaka minne atawatofautisha kwa mwendo tu.

Wengine hudhani zilitoka zote kwa mkupuo mmoja. Za Dakhno ziko tisa, na zilichukua miaka 28. Ya mwisho, ya mpira wa magongo kwenye barafu, ilitoka mwaka 1995, Ukraine ikiwa na miaka minne ya uhuru.